Unatafuta gereji ya sevisi Tanga? Tazama kwanza wanavyomwaga oili

Anayenunua IST, Vitz au Noah iliyotumika na kuishusha Tanga hapati shida ya kuona gereji. Ngamiani na Chumbageni zipo za kila namna, kuanzia ya fundi mmoja chini ya mwarobaini hadi yenye mashine za kunyanyulia magari. Ukubwa wa jengo haukuambii mengi. Kinachokuambia ni sevisi ndogo, ile ya oili na filta, maana hapo ndipo tabia ya fundi inapojianika, na akiiboronga gharama yake ni injini.

Omba kusimama karibu, ila si chini ya gari lililonyanyuliwa. Gereji isiyotaka mwenye gari atazame kabisa, itafutie mbadala.

Fundi anayejua kazi huuliza kabla ya kushika spana: gari limetembea kilomita ngapi tangu sevisi iliyopita, lilikuwa na oili gani, kuna taa yoyote imewaka kwenye dashibodi. Kisha huwasha injini dakika chache ili oili ipate moto na kutoka pamoja na uchafu wake, gari likiwa sehemu tambarare. Akifungua bolti ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, tazama washa yake ndogo, kile kipete cha kuzibia. Hiyo hubadilishwa kila oili inapomwagwa, kwa kuwa huziba kwa kubonyea, na ikishabonyea haibonyei vizuri tena. Washa ya zamani ikirudishwa, oili huanza kudondoka tone moja moja. Fundi asiyejua sababu hutia bomba kwenye spana na kukaza zaidi, hadi nyuzi zikatike. Kwenye injini ya IST bolti hiyo inahitaji takriban Nm 38 (kipimo cha nguvu ya kukaza) tu, nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi.

Kosa jingine liko kwenye filta. Filta ya zamani ikifunguliwa, mpira wake wakati mwingine hubaki umeganda kwenye injini. Mpya ikifungwa juu yake, mipira inakuwa miwili, haikai sawa, na presha ikipanda oili yote inaweza kumwagika barabarani kabla hujafika Pongwe. Kwa hiyo tazama: je, fundi anafuta kikalio cha filta kwa kitambaa na kuangalia mpira wa zamani ulipo? Anaupaka mpira mpya oili kidogo? Filta hukazwa kwa mkono hadi mpira uguse, kisha huongezwa kama robo tatu ya mzunguko. Kuikaza kwa spana ya cheni ni kumtengenezea kazi atakayeifungua kesho.

Injini ya IST ya cc 1500 huchukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Dumu dukani ni la lita 4. Fundi anayelimimina lote bila kuchomoa kijiti cha kupimia hajapima, amemaliza dumu. Oili ikizidi sana, kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, huichapa hadi itoe povu, na povu halilainishi chuma. Toyota inapendekeza oili nyepesi ya 5W-30 kwa injini hii; ukipewa oili namba 40, iliyo nzito zaidi, kwa hoja kwamba Tanga kuna joto, kumbuka kwamba asubuhi injini ikiwa baridi oili nzito huchelewa kufika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, na kwenye kikazio cha cheni ya injini. Oili ya kawaida ibadilishwe kila kilomita 5,000.

Gereji iliyofaulu hapo inatosha kwa oili, filta ya hewa, plagi na pedi za breki. Gia boksi ni habari nyingine. IST ya 2002 hadi 2007 ina gia boksi ya otomatiki ya gia nne, inayotumia oili ya Type T-IV. Vitz za kuanzia 2005 nyingi zina CVT, gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, yenye mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo unahitaji oili inayouruhusu kushika. Ukitiwa ATF ya kawaida, oili ya gia boksi za otomatiki zenye gia, huteleza, hukwaruza puli, na baada ya hapo unatafuta gia boksi nzima. Muulize fundi, “Hii inatumia oili gani?” Akijibu kwamba zote ni moja, ondoa gari.

Breki nazo, kwa mwambao huu, zinataka jicho. Breki fluidi hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Ukiteremka Lushoto kwenda Mombo mguu ukiwa kwenye breki, joto hilo linafikika, fluidi hutoa mvuke na pedeli huzama. Ibadilishwe kila miaka miwili. Na ukiona chupa ya breki fluidi imekaa wazi kwenye rafu ya gereji, fluidi hiyo isiingie kwenye gari lako.

Kwa wanaoishi Raskazone au wanaopita barabara ya Pangani, gereji nzuri itanyanyua gari na kukagua mabomba ya breki na viungio vya chini kama vimeliwa na chumvi. Ikikushauri kupuliza oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, kataa: huharibu bushi za mpira, na mvua ikinyesha oili huishia baharini.

Spea zako za zamani ziombe, filta ikiwemo. Dai risiti ya EFD yenye aina ya oili, lita na kilomita za siku hiyo, kwa sababu bila karatasi hiyo fundi wa baadaye atakuwa anabahatisha. Usiku wa kwanza tandika boksi chini ya injini, na asubuhi kabla ya kuwasha chomoa kijiti. Boksi likiwa na doa, rudi siku hiyo hiyo.