Anayekemea riba hajakemea faida

Kila sheikh au askofu anapokemea riba, hazipiti saa nyingi kabla mtu hajamjibu kwamba viongozi wa dini hawaijui biashara, kwamba wanachukia faida, na kwamba wangependa waumini wao wabaki maskini. Wanaosema hivyo ni watu waliosoma, na wengine ni wafanyabiashara hodari. Nimelisikia jibu hilo vya kutosha. Linamjibu kiongozi kwa jambo ambalo hakulisema.

Riba ni nyongeza inayowekwa kuwa sharti la mkopo: nakupa mia, utanirudishia mia na kumi, ufanikiwe au ufilisike. Faida ni kile kinachopatikana kwa kuuza, kuzalisha au kushirikiana, pale ambapo mwenye mali ameiweka mahali inapoweza kupotea.

Tuseme watu wawili wanampa mchuuzi mmoja mtaji, kila mmoja mia. Wa kwanza amemkopesha kwa riba ya kumi. Wa pili ameingia naye ubia, faida wagawane nusu kwa nusu. Mzigo ukizama baharini, wa kwanza bado anadai mia na kumi zake, na ana haki ya kushika nyumba iliyowekwa rehani. Wa pili amepoteza mtaji wake na mchuuzi amepoteza jasho lake, yamewakuta pamoja. Mzigo ukifika salama na kuuzwa vizuri, huenda mbia akaondoka na hamsini, mara tano ya alichopata mkopeshaji, na hakuna sheikh atakayemwuliza kitu. Kwa hiyo ukubwa wa pato sicho kipimo. Kinachoulizwa ni hasara ikija itamwangukia nani.

Aya ya 275 ya Surat al-Baqara inawataja watu waliosema kwamba biashara ni kama riba, na papo hapo inawajibu: Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba. Maana yake, hoja inayotolewa leo kana kwamba ni mpya ilishatolewa na ikajibiwa tangu wakati huo. Mtume Muhammad mwenyewe alisafiri hadi Sham na mali ya Bi Khadija, akaiuza kwa faida. Alichokuja kukipiga marufuku ni desturi nyingine. Deni lilipoiva, mdai alimwuliza mdaiwa: unalipa au unaongeza? Asiye na cha kulipa aliongeza, na deni likakua kwa sababu ileile ya kwamba hana. Aya ya 280 inaelekeza kinyume chake kabisa: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Katika hotuba yake ya kuaga, Mtume alitangaza kufutwa kwa riba zote za zama za ujinga, yaani kabla ya Uislamu, na ya kwanza aliyoitaja ni ya ami yake, Abbas bin Abdulmuttalib.

Kuanzia nyumbani si jambo la Waislamu peke yao. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 17, uliwageukia makleri wenyewe, yaani viongozi wa Kanisa wenye daraja: atakayepatikana anakopesha kwa riba avuliwe daraja. Papa Benedikto wa 14 alipowaandikia maaskofu wa Italia mwaka 1745, alilaani pato linalodaiwa kwa ajili ya mkopo wenyewe, lakini katika barua hiyohiyo akakubali kwamba mtu anaweza kuiweka fedha yake katika mikataba ya aina nyingine na kupata faida halali. Huyo ni papa anayetetea faida ndani ya waraka wa kulaani riba!

Hata hivyo, viongozi wote hawapimi kwa kipimo kimoja, na hapa msikilizaji inambidi awe makini. Julai 2013, Justin Welby, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, aliiambia kampuni ya mikopo ya muda mfupi ya Wonga kwamba Kanisa litashindana nayo mpaka iishe, kwa kuviunga mkono vyama vya akiba na mikopo. Riba ya Wonga ikipigwa hesabu ya mwaka ilizidi asilimia 5,000. Mara ikagundulika kwamba fedha za Kanisa lake zilikuwa zimewekezwa Wonga kwa njia ya mzunguko, naye akakiri hadharani kwamba ni aibu. Lakini vyama alivyovitetea navyo hutoza riba, ila ndogo. Aliyekuwa akimpinga ni mnyonyaji, na kwa kipimo chake riba yenyewe ikiwa ya haki inavumilika. Kwa mwanazuoni wa Kiislamu anayefuata msimamo wa wengi, hata asilimia moja iliyowekwa kuwa sharti la mkopo ni riba.

Ndiyo maana benki ya Kiislamu haikukopeshi fedha ya kununua gari. Kwa mkataba wa murabaha, inalinunua yenyewe, kisha inakuuzia kwa bei ya juu mnayokubaliana. Wengi husema hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Wana haki ya kusema hivyo endapo benki haikulimiliki gari hata dakika moja na ilichofanya ni kusaini karatasi. Lakini kama gari lingeungua kabla hujauziwa na hasara ikawa ya benki, basi benki imefanya biashara.

Wanaotaka kuwapinga viongozi wa dini katika hili wana waliowatangulia, tena ndani ya dini zenyewe. Mwaka 1545 Yohane Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, aliandika kwamba si kila riba ni dhambi, ila maskini asitozwe. Mwaka 1989 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akiwa Mufti wa Misri, aliruhusu pato la vyeti vya uwekezaji vya benki, na wanazuoni wengi wakampinga vikali. Wote wawili walibishana kuhusu ni mkataba gani uhesabiwe kuwa riba. Hakuna aliyedhani kwamba wenzake wanapinga faida.