Ukilia Kwenye Maiki, Mimi Ndiye Hufuta Makamasi

Mara ya nne mwezi huu. Kijana ameingia studio yangu hapa Kondele, Kisumu, kaachwa, ana daftari, na kabla sijafungua maiki ananionya: "Prodyusa, nikilia usikate. Hapo ndipo ukweli ulipo." Nikamwambia, omera, lia kwanza huko nje, ukimaliza uje tufanye kazi. Akanuna.

Mtu akilia, koo hubana, pua huziba, pumzi hukatika katikati ya neno. Tena kompresa, kile chombo cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo, haina huruma: inanyanyua kila kilichokuwa chini, na ile kamasi ambayo chumbani hukuisikia inakuja kukaa mbele ya gitaa. Nimekesha nikizifuta moja moja. Basi, hilo tuliache.

Kila mmoja wao hunitajia Adele, yule mwimbaji wa Uingereza. Haya. Albamu yake iitwayo 21 ilitoka 2011, jina likiwa ni umri wake alipokuwa akiiandika, na ni ya kuachwa kweli kweli. Lakini "Someone Like You", piano na sauti tu, aliuandika na mtunzi mwenzake, Dan Wilson. Uchungu wa mmoja, mistari ya wawili, na sijasikia mtu akimwita mwongo kwa hilo. Kisha tazama mpangilio: hasira imewekwa wimbo wa kwanza, huu wa kukubali umewekwa mwisho. Machozi hayapangi nyimbo. Kuna mtu aliketi akapanga.

Na kinachochoma ndani ya "Someone Like You" ni aibu. Anayeimba amekwenda bila kualikwa kwa mtu ambaye keshaoa. Ni jambo ambalo wewe ungemficha hata dada yako. Sasa fungua daftari la huyu kijana wangu: kurasa kumi na mbili, yeye malaika, msichana shetani. Nilikupa moyo, ukautupa. Nikamuuliza, alikuacha kwa nini? Kimya. Halafu, polepole: msichana alilazwa, akampigia siku tatu, naye hakupokea kwa sababu alidhani anaombwa pesa.

Hilo liko ukurasa gani?

Haliko. Na ndilo pekee ambalo ningelipa kulisikia. Hawa vijana wanadhani ukweli ni wingi wa maumivu, kwa hiyo wanaongeza: kilio, mvua, mwangwi, violini za kompyuta. Mimi huwapima kwa jambo moja tu: je, kuna mstari hata mmoja unaokuaibisha? Kama hakuna, umeleta mashtaka, na mimi si hakimu.

Tena sisi wa huku tungepaswa kujua zaidi. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, huitwa matangani, pengine marehemu hakumjua sana. Nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao, njuga mguuni, na anamlilia marehemu mpaka wafiwa wenyewe wanaangua kilio. Hakuna anayemdai machozi yake. Wanamdai kazi.

Ila nisijifanye najua yote. Sehemu kubwa ya sauti mnayoisikia kwenye "Rolling in the Deep", ule wimbo wa kwanza wa hasira wa Adele, ilitoka kwenye demo, rekodi ya majaribio. Walijaribu kuirudia vizuri zaidi, ule moto ukakataa kurudi. Hiyo inatia doa hoja yangu, na sina jibu zuri. Halafu kuna binti niliyemrekodi mwaka jana, kwenye teki ya tatu, yaani kurekodi kwa mara ya tatu, akashusha sauti kwenye neno "nyumbani" nikasahau kugusa mitambo. Nikamuuliza alikuwa anamkumbuka nani. Akasema alikuwa anawaza kama atapata matatu ya mwisho ya Ahero. Teki hiyo ndiyo iliyobaki.

Kijana wa daftari amenipigia jana usiku. Ameandika zile siku tatu, mistari minne tu, akanisomea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili. Kisha akauliza kama inawezekana tusiutoe huo wimbo.

Tunarekodi Jumanne.