Hatuendi kutalii, jamani

Juzi kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama, funguo za gari mkononi, akauliza: "Mwalimu, hawa watoto mnawatembeza tena kwa pesa zetu? Baraza la mitihani, UNEB, limeshatunga swali la kutembea?" Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu wa fizikia naye akacheka, na huyo sitamsahau. Nafundisha historia hapa Jinja, Uganda, mwaka wa kumi na nne huu, na kila muhula swali hili nalijibu kwa upole. Leo upole umeniishia.

Ya pesa tuyamalize haraka. Safari yetu ya mwisho haikuwa na basi. Tulitoka getini saa tatu asubuhi, kwa miguu, mpaka Main Street. Tulinunua maji ya kunywa, basi. Na ya UNEB: chini ya mtaala ulioanza 2020, asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa kidato cha nne, zinatokana na kazi za shuleni, miradi ikiwemo. Waraka upo, usomeni.

Ila wanaoniudhi zaidi si wazazi. Ni sisi walimu. Tunawapeleka watoto chanzo cha Nile na karatasi ya maswali ishirini. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika lini? Tarehe 28 Julai 1862. Mtoto ananakili, anakunywa soda, anarudi. Jibu hilo angelipata akiwa amekaa kwenye dawati lake. Swali la kumtoa mtoto darasani ni lile ambalo darasani haliwezi kumjia. Wangu walisimama kando ya mto wakatazama weee, mmoja akasema, "Mwalimu, mbona hayo maporomoko hayapo?" Kweli hayapo. Maporomoko ya Ripon yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Tulibaki pale saa nzima kwa ajili ya kitu ambacho hakionekani: nani aliamua kizame, umeme ukaenda wapi, viwanda vya Jinja vikaja kwa nini. Karatasi ya maswali ishirini niliisahau kwenye mkoba, kwa makusudi.

Sasa Main Street. Mnayapita kila siku yale maghorofa mafupi yenye jina la Kihindi na mwaka juu ya mlango. Kila watoto wawili walipewa jengo moja: chora, andika jina, andika mwaka, andika leo panauzwa nini. Halafu mtafute mzee aliyekuwepo Agosti 1972, Rais Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke.

Hapa kwenye kumhoji mzee ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kijana anafika, anasoma daftarini: "Mzee, je, kufukuzwa kwa Wahindi kuliharibu uchumi?" Mzee anasema, "Ndiyo, mwanangu." Yamekwisha. Umempa jibu, naye kakurudishia kwa adabu. Mwulize, "Mwaka ule chumvi ulikuwa unanunua wapi?" kisha ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiko kugumu. Nawafundisha wiki mbili nzima na bado wanashindwa.

Wawili waliofaulu walimpata mzee aliyestaafu kiwanda cha nguo. Akawapa dakika arobaini za Kiswahili cha viwandani, kile kisichojali ngeli. Akawasimulia habari ya mwenye duka mpya, aliyegawiwa duka la Mhindi, aliyeuza shati kwa shilingi 15 kwa sababu kwenye kola paliandikwa 15, kumbe ni saizi ya shingo. Darasa likavunjika mbavu. Tatizo ni kwamba kisa hicho nimekisikia Mbale, nimekisikia Masaka, nimekisikia Kampala, na kila msimuliaji alikuwepo dukani! Watoto wakauliza: kwa hiyo mzee ametudanganya? Niliwaambia kinatuonyesha jinsi watu walivyowaona wenye maduka wapya, hata kama shati lenyewe halikuuzwa. Walinukuu. Mimi mwenyewe jibu hilo linanitosha siku nyingine, na siku nyingine naona ni ujanja tu wa mwalimu aliyebanwa.

Na kusahihisha? Mwaka jana msichana wa kidato cha pili aliniletea mahojiano na bibi yake: foleni ya sukari, jirani aliyeficha cherehani ya Mhindi wake chini ya kitanda akingoja arudi, bibi akinyamaza kila akitajwa mtoto wa yule Mhindi. Nikampa 18 kwa 20. Siku ya wazazi kutembelea watoto nikampongeza mama yake kwa kuwa na mama mwenye kumbukumbu kali. Akanishangaa. Bibi alifariki kabla binti hajazaliwa.

Nikamwita binti ofisini. Hakulia, hakubisha. Cherehani ameitoa wapi? Kwa mama. Na mama? Kwa bibi, kila wakifua pamoja. Nikamwuliza kwa nini basi asiandike jina la mama. Akasema, "Mwalimu, ulisema tumtafute aliyekuwepo."

Zile 18 bado ziko kwenye daftari langu la alama, kwa penseli.