Kuchimba makaro (mashimo ya maji machafu) na mitaro: yanayosemwa na ukweli wake

"Udongo huu mgumu, haubomoki." Hilo ndilo neno ninaloliogopa kuliko yote kwenye kazi ya kuchimba. Husemwa sana penye kinongo, ule udongo mwekundu ambao ukiuchimba ukuta wake husimama wima kama uliopigwa plasta. Ukweli ni kwamba unasimama kwa muda tu. Unyevu ndio unaozishikanisha punje, na udongo uliokuwa ukiubana umeshautoa kwa chepe. Jua likipiga, ukuta hukauka na kupasuka. Mvua ikinyesha, maji huingia kwenye nyufa na kuuongezea uzito. Kwa hiyo kusimama tangu jana si ushahidi wa kusimama leo. Shimo hukaguliwa kila asubuhi kabla mtu hajashuka, na kila baada ya mvua. Masika, Machi hadi Mei, huenda ukakagua mara kadhaa kwa siku. Ukiona ufa unafuata ukingo, watoe watu kwanza, maswali baadaye.

Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, udongo wa kichanga haumdanganyi mtu, hujiporomokea wenyewe. Kwa kipimo cha Marekani, ukuta wa mchanga hulazwa mita 1.5 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kina; shimo la mita 2 litanuke juu mita 3 kila upande. Kiwanja hakitoshi? Basi kuta zikazwe kwa mbao na boriti, ukianzia juu kwenda chini. Wakati wa kuzitoa, anzia chini. Hata maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, msiyaamini sana: katikati ya jiwe mna mifuko ya mchanga.

Wengine husema mtaro wa kifuani hauui. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hivi, mara nyingi zaidi, na anayeunganisha bomba huwa ameinama, kichwa kiko chini. Hata aliyefukiwa kifuani na kichwa kikabaki nje yumo hatarini: kila akitoa pumzi kifua hushuka, udongo hujaza nafasi ile, na pumzi inayofuata haina pa kuingia. Marekani huwalazimisha waajiri kuweka kinga kuanzia mita 1.5. Uingereza haitaji kina chochote kuwa salama, na mimi naona hao ndio wenye haki.

Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, lori mbali zaidi, na ngazi iwe karibu na anayechimba.

Linaloniuma zaidi ni hili la "mwenzetu kafukiwa, turukeni". Huruma ile naielewa, lakini ukuta uliobaki nao umelegea na huweza kumfukia mwokoaji. Watu warudi nyuma, mashine zizimwe, na Zimamoto na Uokozi waitwe papo hapo. Msimvute kwa kamba, wala kijiko cha mashine kisitumike kumfukua.

Kando ya karo la zamani huwa mna hewa ya sumu ambayo pua huizoea ikaacha kuinusa. Pampu ya petroli isiteremshwe shimoni kabisa. Moshi wake unaua.

Na wapo wanaosema kujilinda ni kazi ya mchimbaji mwenyewe. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, na wajibu wa kwanza ni wa mwajiri. Gharama ya mbao na ngazi iingizwe kwenye bei siku ile ile ya kupatana na fundi.