Risasi Iliyotoka Mbali: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Nairobi

Maandamano yakipamba moto katikati ya jiji, watu wa Ngara, Mathare na Kibera hujiuliza kama umbali walio nao unatosha kuwakinga na risasi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara.

Bunduki zinalia kama nusu kilomita kutoka kwetu. Risasi si huwa zimeshachoka zikifika hapa?

Zimepungua kasi, ila hazijachoka. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 na ushei kwa sekunde. Ya G3, bunduki ambayo polisi wetu wameibeba miaka mingi, huwa karibu mita 800. Ikishatoka, hakuna tena kinachoisukuma, na hewa inaizuia njia nzima. Ya AK-47 ikifika mita 500, karibu nusu ya kasi imekwisha. Nguvu ya kuumiza nayo hushuka haraka kuliko kasi: kasi ikibaki nusu, nguvu hubaki robo.

Ukisikia robo, usishushe pumzi bado. Robo hiyo ni takriban nguvu ya bastola ya milimita 9 iliyofyatuliwa mbele yako. Na mtutu ukiinuliwa kidogo, risasi ya AK-47 huweza kwenda zaidi ya kilomita 2, ya G3 zaidi ya 3. Piga hesabu hiyo kuanzia Kencom, katikati ya jiji: Ngara na Upper Hill zote zimo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kwa hiyo risasi ileile hupoteza kasi polepole zaidi hapa kwetu kuliko pwani.

Askari amepiga hewani kutawanya watu. Hiyo si haina madhara?

Iliyopanda lazima ishuke. Risasi ya bunduki ndefu ikipigwa wima kabisa hurudi chini baada ya karibu dakika nzima, kwa kasi ya mita 90 hivi kwa sekunde. Ngozi hutoboka kwa kasi ya mita 50 au 60 tu kwa sekunde, na fuvu la mtoto si gumu kama la mtu mzima. Tena ni nadra mtu kupiga wima kabisa. Akipiga kwa mshazari, risasi hubaki na kasi kubwa zaidi na kuangukia mtaa mwingine, kwa watu ambao hata hawakusikia fujo. Katika mkesha wa mwaka mpya wa 2004 huko Puerto Rico, watu waliopiga risasi hewani kwa kusherehekea walijeruhi watu 19, na mmoja akafariki.

Nikisikia mlio nilale chini?

Lala, lakini kwa ajili ya risasi inayofuata. Ndani ya mita mia chache za kwanza risasi hukimbia kuliko sauti, kwa hiyo uliyoisikia imeshapita. Toka kwenye baraza na dirisha, hata kama jirani wote wako nje wanarekodi kwa simu. Mabati hayazuii chochote, na mbao vilevile. Ukuta wa mawe ndio kinga ya maana, na ukiweza kuweka kuta mbili kati yako na barabara, afadhali. Wa nyumba ya mabati walale sakafuni.

Mtoto ana kidonda kidogo kichwani, na watu wanasema ni jiwe.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Risasi iliyopungua kasi huacha tundu dogo, pengine damu kidogo tu ambayo nywele zinaificha. Haina pa kutokea upande wa pili kwa sababu imebaki ndani. Mtoto analia, anabembelezwa, anapakwa dawa, analala. Usiku anatapika, au haamki vizuri.

Siku ya ufyatuaji, kidonda chochote cha kichwa, shingo, bega au kifua ambacho hakuna aliyeona kilivyotokea kihesabiwe kuwa cha risasi hadi picha ya eksirei iseme vingine. Usichokonoe tundu kwa kidole wala kijiti. Funika kwa kitambaa safi, usikandamize fuvu kwa nguvu, na mpeleke.

Damu inaruka kutoka mguuni. Nifanye nini kabla gari halijafika?

Kandamiza. Sukuma leso au shati ndani ya kidonda, weka uzito wa mikono yote miwili, usifungue kila dakika kuchungulia. Ikikataa kuisha, zungushia mguu kitambaa kipana, inchi 2 au 3 kutoka kwenye kidonda kuelekea nyonga, si kwenye goti, kaza kwa kijiti hadi damu ikome, na uandike saa. Asinywe kitu. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Daktari ameiacha risasi mwilini. Amenipuuza?

Si lazima. Kuifukua mara nyingi huharibu mishipa kuliko yenyewe ilivyoharibu. Iliyo ndani ya kiungo, kwa mfano goti, hutolewa, maana majimaji ya pale huyeyusha risasi polepole na sumu yake ikaingia kwenye damu. Ulizia sindano ya pepopunda, na kabla ya kipimo chochote cha MRI (mashine ya sumaku kali) siku za usoni, sema kwamba una risasi.

Risasi za mpira je?

Hupoteza kasi upesi. Lakini zikipigwa kwa karibu hutoboa jicho na huua.

Hospitali ikidai fomu ya polisi ya P3 kwanza?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. P3 ni ya kesi, na hujazwa baadaye. Kwa ajili ya kesi hiyo usifue nguo za majeruhi. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, na umwombe daktari aihifadhi risasi yoyote atakayoitoa.