Zana za mawe za kale hazikutokana na mawe ya jirani tu

Hata hapa Dar es Salaam, mbele ya makabati ya Makumbusho ya Taifa, bado husikika dhana kwamba watu wa kale waliokota jiwe lolote lililokuwa karibu, wakalichonga, kisha wakalitupa. Uchambuzi wa kemia unaipinga.

Obsidiani, yaani jiwe jeusi la kivolkano linalong'aa kama kioo, hubeba viwango vya rubidi, zirkoni na elementi nyingine ambavyo hutofautiana baina ya chimbuko moja na jingine; hivyo zana ikimulikwa kwa eksirei, bila kuvunjwa, miali inayotoka huonyesha viwango hivyo, navyo hulinganishwa na vya miamba yenyewe. Ndivyo ilivyobainika kwamba baadhi ya vipande vya Mumba, makazi ya kale chini ya mwamba karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, vilitoka eneo la Naivasha nchini Kenya, umbali wa takriban kilomita 300. Huko Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale kusini mwa Kenya, obsidiani ilisafirishwa makumi ya kilomita yapata miaka 300,000 iliyopita, jambo ambalo kwangu linastahili heshima kubwa.

Kwatsi, jiwe gumu la fuwele lililotumika sana nchini mwetu, ni ngumu zaidi kufuatilia. Aidha, kemia hutaja chimbuko. Haisemi kama jiwe lilibebwa na msafiri mmoja au lilibadilishwa kati ya jamii nyingi.