Mzazi haonekani shuleni, basi hajali?

Takriban robo ya watoto wa Marekani wana asili ya Amerika ya Kilatini. Wapo ambao mababu zao waliishi Texas kabla haijawa ya Marekani, wapo wa Puerto Rico ambao ni raia wa Marekani tangu 1917, na wapo ambao wazazi wao wamefika juzi kutoka Guatemala au Honduras. Wakifika chekechea wote wanaitwa Walatino, na wazazi wao wote wanasemwa maneno yaleyale.

"Hawana mwamko. Ukiitisha kikao hawaji."

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo bovu zaidi. Kikao kimewekwa Jumanne, saa nne asubuhi. Saa hiyo mama wa Oxnard au Watsonville, huko California, yuko shambani kwenye stroberi tangu alfajiri, mgongo umeinama, na sehemu ya ujira wake mara nyingi inategemea masanduku aliyojaza. Akienda kwenye kikao amepoteza pesa ya siku. Mpango wa chekechea wa Head Start, ulioanzishwa na serikali kuu mwaka 1965 kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, ulilitambua hilo mapema. Kuanzia 1969 ukawa na vituo vya watoto wa vibarua wa mashambani wanaohamahama, na vituo hivyo hufuata msimu wa mavuno. Vingi hufunguliwa gizani ili mzazi amwache mtoto akiwa njiani kwenda kuchuma.

Lakini hata mzazi mwenye nafasi anaweza kuja, akakaa kimya, akaitikia kwa kichwa na kuondoka. Hapa Mswahili ataelewa haraka kuliko mwalimu wa Kimarekani. Neno la Kihispania educación ni pana kuliko masomo. Mtoto aliye "bien educado" ni yule anayesalimia wakubwa, anayejua kukaa na watu, ambaye kwetu tungesema amelelewa akaleleka. Mtu anaweza kuwa na shahada mbili na bado akaitwa "mal educado", na hakuna atakayeshangaa. Kwa hesabu hiyo, adabu ni kazi ya mzazi nyumbani, na kusoma ni kazi ya mwalimu. Kumhojihoji mwalimu mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Basi mwalimu anaandika kwenye daftari lake kwamba mama huyu hashiriki, na mama anarudi nyumbani akijua kikao kimekwenda vizuri, hakumbishia mtu.

Na kama ni kujali, mwaka 1945 Gonzalo na Felícitas Méndez, pamoja na familia nyingine nne, walizishtaki wilaya nne za shule huko Orange County, California, zilizokuwa zikiwatenga watoto wao kwenye "shule za Wameksiko". Walishinda, na mahakama ya rufaa ikawaunga mkono 1947, miaka 7 kabla Mahakama ya Juu haijapiga marufuku ubaguzi wa shule nchi nzima. Gonzalo alikuwa mkulima, na shamba lenyewe la kukodi.

"Wazungumze Kiingereza nyumbani, mtoto asije akachanganyikiwa."

Mtoto wa Moshi anaongea Kichaga na bibi, Kiswahili mtaani, na Kiingereza kinamsubiri shuleni. Hakuna anayempeleka hospitali kwa hilo. Mtoto anayechanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja anatumia alichonacho tu, ubongo wake haujavurugika. Na akishajua jinsi hadithi inavyokwenda, au kwamba maneno mawili yanaanza kwa sauti moja, ujuzi huo haumtoki akibadili lugha.

Hasara iko kwingine. Mama akilazimishwa Kiingereza asichokimudu, mazungumzo yanabaki amri tupu: kaa, kula, lala. Utani unakufa, visa vya kijijini vinakufa, na bibi anageuka mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Shuleni nako, wapiga kura wa California walibana ufundishaji wa lugha mbili mwaka 1998, na 2016 wakaifungulia tena.

Ukumbuke pia kwamba si kila Mlatino ana Kihispania. Oakland kuna wazazi kutoka Guatemala wanaoongea Kimam, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, na Oxnard kuna Wamixteki wengi, wenyeji wa asili wa Meksiko wenye lugha yao. Barua ya Kihispania kwao ni karatasi tu.

"Nyumbani kwao hakuna cha kujifunza."

Huko Tucson, Arizona, watafiti akina Luis Moll na Norma González waliwatuma walimu majumbani. Hawakwenda kushtaki utundu. Walikwenda kuuliza: mnafanya kazi gani, mnajua kutengeneza nini? Mwalimu mmoja akagundua kwamba mwanafunzi wake alikuwa na kibiashara chake cha kuuza pipi kutoka Meksiko. Pipi zikawa somo. Watoto walilinganisha viungo vyake na vya pipi za Marekani, wakachora chati, na mama mmoja akaja darasani kuwapikia na kuwaeleza. Wale walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi, ila mtoto wa miaka minne anayehesabu chapati za mahindi zinavyotoka kwenye kikaango anafanya hesabu vilevile.

San Antonio, Texas, nako, shirika la AVANCE limekuwa likiwafundisha akina mama tangu 1973, na mojawapo ya masomo yake ni kutengeneza vitu vya kuchezea watoto kwa vilivyomo ndani ya nyumba.

"Hawana makaratasi, kwa hiyo hawana haki ya kuuliza."

Mahakama ya Juu ilishaamua 1982, katika kesi iliyotoka Tyler, Texas: shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hati za uhamiaji. Hofu ya mzazi kusogelea ofisi yoyote ya serikali ni jambo jingine, na haiondolewi na hukumu.

"Mtoto anajua Kiingereza, si atafsiri yeye?"

Shule inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mzazi mkalimani anayefaa, bila malipo. Msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964. Hata kama sheria isingekuwepo, mfikirie mtoto wa miaka sita amekaa katikati ya mama na mwalimu. Mwalimu anaeleza kwa dakika tatu nzima: hakai chini, anawanyang'anya wenzake rangi, jana amemwaga gundi. Mama anageuka, anauliza amesemaje.

"Anasema niko vizuri sana, mama."